Hatua Thelathini

Zima hiyo simu, Luhende, mimi si mpira wa kuangaliwa nusu. Veronica, binti yangu, niinulie mto, halafu ukae pale mlangoni na usilie, machozi yako nimeyazoea tangu unanyonya na hayajawahi kuniletea hata ndoo ya maji. Salu, sogea karibu. Najua una grisi hadi kwenye nyusi, sogea hivyohivyo. Nitasema mara moja, na nitakayoyasema ndiyo wosia wangu, asije mtu keshokutwa akadai bibi alikuwa anaweweseka.

Shamba la pamba la upande wa mtoni ni la Veronica. Plau ni yake pia, maana kati yenu ndiye pekee anayejua inashikwa wapi. Ng'ombe hawagawanywi, watabaki zizini hapahapa Nkololo, na atakayemtoa mmoja kwa ajili ya muziki wa harusi nitamsumbua nikiwa hukohuko. Hayo yameisha. Limebaki gari jekundu la babu yenu, na najua ndilo lililowaleta wajukuu wangu wawili mapema hivi, mimi nikiwa bado nameza uji.

Babu yenu Ndaki, Mungu amsamehe maana mimi bado, alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyehamishwa kutoka Bariadi. Gari la mbio, milango miwili, limelala chini kama mjusi, katika nchi hii ya udongo mweusi unaonasa hata punda! Kwenda lilijua, kusimama halikujua tangu siku ya kwanza. Mlipokuwa wadogo aliteremka nalo mtoni, akakanyaga breki, likaendelea tu, likamuua maksai wa jirani yetu Bujiku, Bujiku mwenyewe akiwa ameshika fimbo anatazama. Mume wangu akashuka, akapangusa taa, akasema mwenye kosa ni ng'ombe, hakupisha. Miaka kumi na minne Bujiku hakutusalimia, na kila alipopita nilimpa haki yake kimoyomoyo, mdomo nikaufunga kwa sababu ya ndoa. Veronica, mkishanizika nenda kwake umwambie maksai wake hakuwa na kosa. Sema kwa sauti, mzee hasikii vizuri.

Sasa wewe Luhende. Ulikuja kutoka Mwanza umekumbatia boksi kama mtoto mchanga, unasema, "Bibi, nimeleta breki za kisasa." Nikafurahi, nikasema kumbe ukoo huu una mwenye akili. Kumbe umeleta mapambo! Diski mbili kubwa za mbele zilizotobolewatobolewa kama chekeche, na yale makoleo ya kuzibana umeyapaka rangi nyekundu ili yaonekane kupitia kwenye rimu, ukapiga picha, ukawatumia watu. Nyuma hukugusa. Mipira inayopitisha mafuta ya breki imepasuka kama visigino vyangu, hukugusa. Mafuta yenyewe yamo humo tangu Ndaki yu hai, meusi, yameingia maji. Dada yako Salu, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alikuambia mbele yangu kwamba pampu ya breki ni ndogo, haiwezi kuyasukuma makoleo makubwa namna hiyo, ni sawa na kunywesha maksai kwa kikombe. Ukamjibu, "Dada, wewe shughulika na matrekta." Na ndani ya gari hilohilo ulitaka kumpakia Winnie siku ya harusi yenu, binti wa watu, shela limejaa kiti kizima, mteremke mtoni mkiongoza msafara.

Mimi sikusoma, darasa la pili nilitolewa nikachunge. Lakini maksai nimefundisha. Kuvuta anajua mwenyewe, kinachokula siku zako ni kumfundisha kusimama. Na baba mkwe wangu hakukubali kwamba maksai amefuzu mpaka aliyemfundisha asimame mbele ya maksai huyo, ampe mgongo, na mtu mwingine amswage. Ndiyo maana wiki ile ya boksi lako, jua likiwa utosini, nilimwambia Veronica apeleke kigoda changu mwisho wa njia ya nyumbani, penye uzio wa minyaa, nikakaa. Nikakuagiza: njoo kwa mwendo wako wa harusini, usimame mbele ya magoti yangu.

Ukafanyaje? Nyamaza, nitasema mimi. Ulinguruma kule njiapanda, ukanguruma, kuku wakakimbia, halafu ukazima, ukaja kwa miguu na viatu vyako vya kuchongoka. "Bibi, sogea kidogo." Nikakuuliza, kidogo kiasi gani? Ukatazama chini. "Kama hatua thelathini hivi." Winnie alikuwa pembeni na sahani ya karanga, akasikia. Hatua thelathini! Mimi ambaye ubao wa jeneza langu umeshaletwa unanihofia hatua thelathini, na mwanamke utakayezaa naye unamweka ndani! Siku ile sikukutukana, nilikosa tusi la ukubwa huo.

Huyu Salu alikaa siku nne chini ya gari. Alibadilisha pampu, akabadilisha mipira, nyuma akaweka breki za kulingana na za mbele, mafuta ya zamani akayatoa yote akatia mapya, kisha akatoa upepo ulionaswa humo, nawe ukiwa ndani unaambiwa "kanyaga, shikilia, achia", kazi pekee uliyoifanya, na hata hiyo ulikuwa unaachia kabla ya wakati. Akatoka nalo barabarani akarudi, akatoka akarudi, mpaka akasema sasa breki zimekaa. Nikadai kigoda changu. Akakataa! Alininyanyua kama mzigo wa kuni akaniweka kibarazani, na pale kigodani akaweka ndoo ya maji. "Bibi, nazijua breki zangu, lakini mtu siweki." Akaja nalo kama mwehu. Likasimama. Nafasi iliyobaki niliipima kwa kiganja, na ndoo haikumwaga hata tone. Nikaona aibu, nami kuona aibu si tabia yangu, maana mtoto huyu ndiye niliyemwita jike-dume siku alipoanza kazi gereji. Neno hilo nimelimeza, Salu, na ni chungu.

Basi gari ni la Salu. Siku ya harusi ataliendesha yeye, Winnie akae mbele, na bwana harusi apande nyuma, kule magoti yanakofika masikioni. Usinune, Luhende, urithi wako upo. Kigoda ni chako. Kiweke sebuleni, na mgeni akiuliza, umweleze, bila kupunguza hatua hata moja.

Nizikeni penye minyaa, palepale nilipokaa. Jeneza libebwe kwa mikono. Luhende atangulie, na hatua thelathini za mwisho azihesabu kwa sauti, watu wasikie.

Ngojeni... nipumzike.

Mungu awape mvua ya kutosha pamba. Salu, mikono yako... ibarikiwe na grisi yake. Veronica, wabeja, asante, umeniosha bila kununa. Luhende, ng'wanawane, mwanangu... nimekutukana ili usife. Mjinga wewe. Usife.

Sasa nisogezeni ukutani, mgongo umechoka. Wewe, Luhende, shika huku. Kidogo... Kidogo tu. Si kile kidogo chako cha kigodani.