Kwaya Isiyoimba kwa Muzee Viateur

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, familia imenituma mimi Célestin, mukwe wake, niwasomee maisha ya papa yetu, na kuna kipande ambacho wengine kati yetu walitaka nikiruke, lakini marehemu mwenyewe alisisitiza kisomwe.

Muzee Viateur Habiyaremye alizaliwa Jomba, teritware ya Rutshuru, tarehe 14 Agosti 1953, mutoto wa tatu wa wafugaji, akasoma hapo mpaka darasa la sita, akaacha kwa sababu baba yake alifariki, na mwaka 1971 akashuka Goma kujifunza ufundi wa mbao, kazi ambayo hakuiacha hata lava ya Januari 2002 ilipomeza atelye yake ya kazi.

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa na Mama Uwamariya, Mungu akawapa watoto sita, wanne wangali hai, na mwaka 1998 parokia yetu ya Katindo ikamuchagua kuwa muzee wa kanisa, mutu wa sheria, mukali kwelikweli, hata sisi wakwe tulikuwa tunachomekea shati kabla ya kupita mbele ya mulango wake.

Machi 2016, Evariste, mutoto wa pekee wa Mama Léoncie muuza makala, alizama ziwani pale Kituku, watu wakasema ni pombe, na muzee, bila kuuliza, akaamuru kwaya isiimbe wala muchungaji asikanyage matangani, basi mama yule akamuzika mwanawe na majirani wachache, kimya. Baadaye infirmye wa kartiye, muuguzi wa mtaa wetu, akamueleza muzee kwamba kijana alikuwa na kifafa, pombe hakuionja, mama alificha ugonjwa kwa kuogopa midomo ya watu. Muzee alijua, akanyamaza miaka mitano, tuseme ukweli, maana aliona haya kupiga magoti mbele ya muuza makala.

Mei 2021, volkano ilipotukimbiza mpaka Sake, Mama Uwamariya akashikwa na homa, na aliyewapa nafasi chini ya shitingi yake, turubai ya plastiki, ni Mama Léoncie, bila kutaja lolote, jambo lililomuchoma muzee kupita matusi. Tuliporudi alisimama kanisani akaomba msamaha kwa yeyote ambaye yeye alimukosea, watu wakapiga makofi, lakini nyumbani bibi yake, Mama Uwamariya, akamuambia kwamba hiyo ilikuwa kutafuta sifa, si toba. Jumapili iliyofuata alipiga magoti, akataja jina la Evariste na la mama yake, akaacha uzee wa kanisa, na safari hii hakuna aliyepiga makofi, Mama Léoncie akainuka, akatoka. Tangu hapo muzee alikuwa anamutembelea, anapewa kiti, anapewa chai, neno la msamaha hapewi, na sisi tulipokasirika alitukemea, akisema mutu hadai msamaha kama mushahara.

Kisukari kilimushika mwaka 2022, figo zikachoka, vita ya Januari 2025 ikafunga njia za matibabu, akafariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, na neno lake la mwisho kwetu lilikuwa kwamba azikwe jinsi alivyoamuru Evariste azikwe.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na kwaya iliyovaa sare ikakubali kukaa kimya. Tunamushukuru Mama Léoncie, aliyefika tangu asubuhi, yuko nyuma na wamama wengine anachambua maharagwe, hatujamuuliza kitu, na tunaomba mutu yeyote asimuulize.

Papa, umeondoka bila kulisikia neno ulilolingoja, na hilo linatuuma sana, pumzika kwa amani kwa Yule aliyekusikia.