Darasa Lililohamia kwa Fundi Cherehani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu, uliyeacha ofisi yako ukaja kukaa nasi chini ya hema hili lenye joto. Ndugu mwenyekiti wa bodi ya shule. Mkuu wetu wa shule. Walimu wetu, mlioketi na mliosimama kwa sababu viti havikutosha. Baba zetu, mama zetu na walezi. Wageni waalikwa, hasa ndugu zetu wa shule jirani ya wavulana. Wadogo zetu mnaobaki. Na wahitimu wenzangu: kila mmoja kwa heshima yake, nawasalimu.

Mimi ndiye dada mkuu wa shule hii, na nimepewa nafasi ya kutoa shukrani kwa niaba ya wahitimu. Nitazitoa. Naona mshereheshaji ameshaanza kuniashiria niwe mfupi. Kaka yangu, tulia kidogo. Sisi katika shule hii tumesubiri mengi. Na wewe tusubiri japo kwa muda wa kumaliza soda.

Tunamshukuru Mkuu wa shule kwa lango. Wazazi mmeliona mlipoingia: limepakwa rangi ya dhahabu, na jina la shule limeandikwa juu. Tunamshukuru kwa bustani iliyo mbele ya ofisi yake, ambayo tumeimwagilia kwa zamu hadi tunalijua kila ua kwa tabia. Tunamshukuru kwa hotuba zake za asubuhi mstarini, zilizotufundisha kusimama juani bila kuanguka. Msidhani nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hayo tulipewa kweli, na mtu hushukuru alichopewa.

Ambacho hatukupewa ni mwalimu wa Biolojia.

Aliyekuwepo alihamishwa tulipoingia kidato cha tatu. Tukamwuliza Mkuu mstarini, akatujibu, "Mwalimu yuko njiani." Muhula ukaisha. Tukauliza tena, akasema yuko njiani. Jamani, ni njia gani hiyo isiyofika? Jina la somo lilikuwa kwenye ratiba, kipindi kilikuwa kwenye ratiba, kengele ilikuwa inagongwa, na mbele ya darasa hapakuwa na mtu. Tukambatiza Bwana Njiani. Mwenzetu akichelewa kuingia darasani tunamwuliza, "Vipi, umepishana na Bwana Njiani huko?" Tulicheka sana, mpaka mtihani wa muhula ulipokuja na kicheko kikatutokea puani.

Hapo ndipo alipoinuka mwenzetu mmoja, ambaye sote tunamwita Daktari. Jina hilo alilipata mapema, kwa sababu ukimwambia kichwa kinakuuma yeye hakupi pole, anakuuliza kinauma upande gani. Mama yake ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea karibu na kituo cha mabasi. Siku moja kengele ya Biolojia ilipogongwa, sisi tukiwa tumeshalaza vichwa juu ya madawati, Daktari alikwenda mbele, akashika chaki, akasema, "Leo tunasoma mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Anayetaka kulala alale kwa adabu, asikorome."

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye akawa mwalimu wetu. Alikuwa anasoma usiku kutoka kitabu kilichochanika, asubuhi anatufundisha. Alipofika kwenye mzunguko wa damu akakwama, maana kurasa za moyo hazikuwemo. Alikwenda kwa Mkuu kuomba kitabu kingine. Mkuu akamwambia, "Vitabu vipya vipo stoo, vinasubiri kuzinduliwa." Mheshimiwa mgeni rasmi, nakuuliza kwa unyenyekevu: kitabu nacho ni barabara, kwamba hakitumiki mpaka kikatiwe utepe?

Basi ikaja siku ya mdahalo kati ya shule yetu na shule ya wavulana. Mgeni rasmi wa siku hiyo, si wewe Mheshimiwa, alikuwa mwingine, alichelewa. Tulikaa kwenye baraza ya bwalo, sisi na wao, tukiangalia viti vya wageni vilivyofunikwa vitambaa ambavyo tulikatazwa kuvikalia. Na watu wakisubirishwa, midomo haifungwi. Wao walikuwa na kijana mmoja msemaji wao, sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya uwanja. Kwao wanamwita Kipaza. Akatuangalia akasema:

"Nyinyi mna raha. Lango la dhahabu! Sisi kwetu maktaba imekuwa stoo ya viti. Ukitaka kitabu unahamisha viti kwanza, ukishamaliza kuhamisha muda umeisha, unavirudisha."

Rafiki yangu mmoja akadakia, "Viti? Sisi tuna mwalimu yuko njiani tangu mwaka jana. Hata safari ya Hija watu huenda wakarudi!"

"Mwalimu mmoja tu?" akajibu Kipaza. " Sisi mwalimu wa Hisabati alikwenda masomoni. Mkuu wetu akasema atafundisha mwenyewe. Amekuja mara moja, akatueleza alivyokuwa anafaulu Hisabati enzi zake, akaondoka."

Mliokuwepo mnakumbuka tulivyocheka. Tukawa tunashindana kama wauza samaki: huyu akitoa shida moja, yule anaweka kubwa zaidi juu yake. Viranja wanaochaguliwa kwa sababu ya undugu. Malalamiko yanayojibiwa kwa fimbo. Vikao vya wazazi vya kujadili urefu wa sketi. Kila mmoja alitaka shule yake ndiyo ishinde kwa ubovu. Daktari peke yake ndiye hakucheka. Alimgeukia Kipaza, akamwuliza, "Biolojia mnaye mwalimu?"

"Tunaye. Tena mkali."

"Mmefika moyo?"

"Tumeshaupita."

"Sisi Hisabati tuna mwalimu, tena mzuri. Sasa nyie mnacheka nini? Nyinyi mna tulichokosa, na sisi tuna mlichokosa, na tumekaa hapa tunashindana nani kaonewa zaidi."

Kipaza mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake nadhani, alisema kwa sauti ya chini, "Tukutane wapi?"

Tulikutana kwa mama yake Daktari, siku za Jumamosi mchana. Mama alisukuma vyerehani ukutani, akatandika mikeka katikati, akatuonya jambo moja tu: tusikalie vitambaa vya wateja. Kipaza na wenzake walituletea moyo, sisi tukawapelekea milinganyo. Ubao hatukuwa nao. Daktari alitundika kitambaa cheusi kwenye kamba ya kuanikia, akachora moyo kwa chaki ya fundi, vyumba vyake vyote, na mishipa inayoingia na inayotoka. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali yake akasimama mlangoni akiduwaa. "Fundi, huu nao ni mtindo gani?"

"Huo ni moyo wa binadamu, baba."

"Mh! Mshono wake si mchezo."

Tulianza wachache, tukajaa mpaka wengine wakawa wanasikiliza dirishani. Mnajua nini kilitokea? Hatukugombana, hatukuchafua jina la mtu, hakuna binti aliyepotoka wala kijana aliyevuta sigara. Tulielewa. Alama zetu zikaanza kupanda. Na alama zilipopanda, Mkuu wetu akauliza kwa nini.

Ndugu wageni waalikwa, hapa naomba mnivumilie. Wakuu wawili wa shule, ambao kwa muda wote huo hawakuwahi kuketi pamoja kujadili kwamba huyu ana mwalimu wa hiki na yule ana mwalimu wa kile, waliketi meza moja. Waliketi ili kutukataza. Walisema ni mkusanyiko usio na kibali, ni mchanganyiko wa wavulana na wasichana mahali pasipo na uangalizi, ni kuaibisha shule. Kipaza akapewa adhabu ya kung'oa visiki. Daktari, wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho, akasimamishwa masomo.

Mama yake aliitwa. Nami niliitwa, kwa kuwa ni dada mkuu, nisimame ukutani nishuhudie. Mama alikuja na uzi bado umening'inia begani, ametoka kazini. Alisubirishwa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi hadi jua likageuka, na Mkuu yumo ndani anakunywa chai. Alipoingia hatimaye, Mkuu akamwambia:

"Mama, mwanao amejifanya mwalimu."

Mama akajibu taratibu, "Mwalimu mkuu, kama kile kiti kingekuwa na mwenyewe, mwanangu angekikaliaje?"

"Hapa tunazungumzia nidhamu."

"Hata mimi. Nimekaa nje tangu asubuhi sijasema neno. Hiyo ni nidhamu. Sasa naomba nielezwe kosa. Alifundisha uongo?"

Mkuu akafungua droo, akaifunga. Na ndipo mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye alikuwa amepita tu kuchukua chaki, alipofanya jambo ambalo sitalisahau. Aliweka ile chaki mezani kwa Mkuu, akasema, "Mzee, nilijua. Wakikwama milinganyo walikuwa wananiuliza Jumatatu, nami nilikuwa nawajibu. Ukimfukuza huyu mtoto, nifukuze na mimi, halafu wote wawili tuwe njiani."

Nilitamani kupiga makofi, lakini nilikuwa nashuhudia.

Mkuu akalegea nusu. Alisema Daktari atarudi siku za mtihani tu, aingie, afanye, atoke. Darasani asionekane. Kwa hiyo sisi ndio tuliomfuata. Kila jioni baada ya masomo tulipita kwa fundi tukiwa na sare zetu, bila kujificha, mbele ya kituo kizima cha mabasi. Aliyetaka kutukataza aje. Hakuja mtu. Hata vijana wa shule jirani walirudi, Kipaza mikono imejaa malengelenge ya visiki, akishika kalamu kwa vidole viwili. Mtihani ulipofika, na swali la moyo likawemo, nilisikia darasa zima likivuta pumzi kwa pamoja. Msimamizi alidhani tumeogopa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, matokeo hayajatoka, na siwezi kukuahidi kitu. Lakini naweza kukuonyesha kitu. Tazama majoho haya ya bluu tuliyovaa. Wazazi wameyasifu tangu asubuhi, wamepiga nayo picha. Yameshonwa na mama yake Daktari, shule ndiyo iliyompa kazi hiyo, kwa sababu ndiye fundi mzuri kuliko wote hapa. Ameshona majoho ya darasa zima. La mwanawe hakuruhusiwa kulishona. Tumeambiwa mahafali ni ya wenye tabia njema.

Daktari amekuja. Amesimama kule nyuma ya hema, na gauni lake la kawaida, na mama yake yuko kando yake. Ndugu yangu, usiiname. Wahitimu wenzangu, naomba msimame mumwangalie yule aliyetufundisha. Ahsanteni. Mkuu wangu wa shule, naona wamesimama wote, na walimu watatu, wanne pia. Nakuomba, si kwa jeuri, wewe ni baba yetu: akija hapa mbele kupokea cheti chake pamoja nasi, usimzuie. Na kama utamzuia, basi na sisi tutarudi kukaa, na vyeti vibaki mezani. Hilo tumekubaliana sote, nami nimetumwa kulisema.

Njoo, Daktari. Mpisheni njia.

Sasa namalizia. Mheshimiwa Afisa Elimu, wadogo zetu wa kidato cha tatu wale pale upande wa kushoto. Wamekaa vizuri, wamechana nywele, wamekuimbia. Kesho kutwa kengele ya Biolojia itagongwa, na katikati yao sijui kama yumo wa kuinuka kushika chaki. Wala haipaswi kuwa kazi yake. Mtoto anakuja shule kufundishwa. Usitusifu leo, Mheshimiwa, wala usituambie vijana ni taifa la kesho. Ukisimama kwenye kipaza sauti hiki, waambie wale watoto mwalimu wao anaingia lini darasani, na useme siku.

Kwa wote mliovumilia maneno ya mtoto wenu hadi hapa, ahsanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Nakaa chini. Mheshimiwa, karibu, watoto wanakusikiliza.