Miaka Ishirini na Tisa ya Bi Lempi Kangas Kando ya Boila

Nianze kwa kuomba radhi. Jarida letu halijatoka tangu Oktoba, na mhariri mvivu aliyesababisha hayo ndiye anayeandika wasifu huu.

Bi Lempi Kangas anastaafu tarehe 30 Aprili, baada ya kulitumikia shamba letu la miche hapa Keweenaw, kando ya ziwa, kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kufunga miche katika magunia yaliyoloweshwa maji. Miaka miwili baadaye boila ya kuni, tanuri linalopeleka maji ya moto kwa mabomba hadi nyumba ya vioo ya kukuzia miche, iliwekwa nje, nyuma ya banda. Fundi aliyeileta aliondoka kabla ya kumaliza maelezo, naye Lempi akaichukua boila ile kama mtu anavyomchukua mtoto aliyesahauliwa mlangoni. Tangu hapo nyumba ya vioo haijakosa maji ya moto, hata katika baridi inayopasua magogo.

Mimi, Waino Perala, mwalimu wa zamani na sasa karani wa shamba, nimeomba kumrithi. Kazi hii naitaka kwa dhati, na atakayesema kama naifaa ni yeye. Basi msomaji azipime sifa zangu kwake kwa tahadhari.

Kila Jumatatu Lempi alibana noti ya dola moja katika mlango wa boila, kisha akaivuta. Ikitoka kwa urahisi, alijua kamba ya kuzibia mlango imechakaa na hewa inapenya. Noti hiyo aliitumia miaka tisa. Hakuna duka ambalo lingeipokea.

Umahiri wake niliujua vizuri Januari mwaka jana, kwa aibu yangu. Alikwenda kanisani kumzika shangazi yake, akaniachia boila kwa saa tatu. Nyumba ya vioo ilikuwa na miche elfu kumi na nne ya misonobari. Saa nane mchana sindano ya kipimajoto ilipita alama nyekundu, na mvuke ukaanza kufoka juu ya boila. Maji yangeisha, miche yote ingeganda kabla ya jioni.

Nilifanya kile ambacho kila mtu wa huku hufanya tangu utotoni sauna, chumba cha kuogea mvuke, inapozidi joto: nilifungua mlango. Moto ukanguruma. Nikaufungua zaidi.

Nilimpigia simu. Alifika na viatu vya kanisani, mkononi kipande cha mkate wa iliki.

"Mwalimu, unaoga?"

"Nilitaka joto litoke."

"Umeupa moto hewa, nao unakushukuru. Funga hapo, usogee."

Alizima feni inayoupulizia moto hewa, kisha akanituma nikafungulie joto katika kila chumba, hata ofisini, ili maji yapate pa kuliacha joto lake. Niliporudi nilikuwa na ndoo ya maji baridi, kwa nia njema kabisa.

"Hiyo ya nani?" akauliza.

"Ya boila. Naona inakaukiwa."

"Ukiimwaga humo chuma kitapasuka, halafu nami nitakupasua wewe. Kampe mbwa."

Sindano iliposhuka, alipiga magoti kwenye theluji na kupapasa kilango cha hewa. Kipande cha gome kilikuwa kimekwama pale, kilango hakikuweza kufungika, na moto ulikuwa ukivuta pumzi mfululizo. Gome lilitoka katika gogo nililolisukuma kwa nguvu nyingi kuliko akili. Kitabu cha maelezo kinasema hapo ndipo pa kutazama kwanza. Nilikuwa nimekisoma mara mbili, na kusahihisha nukta zake.

Hakuna mche hata mmoja uliokufa. Lempi alimaliza mkate wake na kurudi mazishini.

Kwa niaba ya wenzako kumi na wawili, Bi Lempi, ahsante. Magoti yako yapate nafuu, ziwa likupe samaki, na nyumba yako iwe na joto bila wewe kuinuka kulitafuta.

Kuhusu mrithi, kamati ya shamba imemwachia Lempi neno la mwisho. Amesema atanitazama nikiwasha na kulisha boila kwa wiki moja, mikono yake ikiwa mfukoni. Leo ni siku ya tatu. Jana mkono wa kulia ulitoka mfukoni mara mbili. Atakapoamua, nitawaandikia. Jibu likiwa hapana, nitaliandika vilevile, tena mapema kuliko nilivyoandika haya.