Guidon ya Bunduki ya Koko

Yannick, Fiston, nani kati yenu atasikiliza vocal hii, sauti yangu ya mu telefone, mpaka mwisho? Ya juzi hamukufungua hata kidogo, telefone inaonyesha. Bon. Mama Agathe, jirani, ndiye ananishikia telefone, juu mukono yangu imekataa kazi.

Sikilizeni, batoto yangu. Minakufa. Nyumba ya hapa commune Kisangani ni yenu wawili, shamba ya njia ya Masako vile vile, na bunduki ya koko yenu, baba yangu, ile Mauser ya wakati ya Babeleji, si ya Yannick peke yake, si ya Fiston peke yake. Siku ya matanga ya mama yenu muliivutana mbele ya bantu sawa mbwa mbili na mufupa, ikaanguka kwa simenti, guidon ikakatika, kale kachuma ka mbele ka kulengea. Tangu pale moja iko Kinshasa, mwingine hapa karibu Bangboka, na kila mutu: « Papa, ni yeye! » Fiston, weye unabebaka mizigo ya bantu kwa aéroport, avion zako zinapita juu ya bati yangu, na toleka moja tu, baiskeli ya kubeba bantu, ya kuniona inakushinda?

Guidon nimeibadilisha miye mwenyewe, wakati mukono ilikuwa bado inakubali. Nilikata rayon ya kinga, kachuma ka gurudumu ya baiskeli, nikaigongea mu mufereji yake, nikaiacha murefu makusudi, juu chuma unapunguza na lime, ile tupa, kurudisha hapana. Donc sasa risasi inaanguka chini ya alama. Kuisawazisha ni kazi ya bantu wawili: moja anapiga, mwingine anaenda kuangalia imeingia wapi, munapunguza kidogo, munapiga tena. Miye nilijaribu peke yangu. Napiga, natembea mpaka kwa alama, nakaa chini kwanza, narudi, nimesahau niliona nini. Nikaanza kuzungumuza na bunduki, alors! Haijibu, sawa nyinyi.

Kwa alama mubandike diplôme yangu. Licencié en biologie, distinction, na Leta, serikali yetu, ilininyima kazi mpaka mvi! Itobolewe basi, itumike siku moja.

Kwetu munajua: matanga ya mwenye bunduki haimalizikaka kama bunduki yake haijaleta nyama, na bote bakule mu chungu moja. Musikodishe muwindaji. Musiuzishe bunduki. Na mama Agathe akule wa kwanza, yeye ndiye...

Maji, mama. Merci.

Pumzi... iko inakatika. Mungu abalinde, wanangu. Abape batoto benye kuitika telefone wakati munabaita.

Basi nyinyi wawili muliovunja, ndiyo, nyinyi wawili, sitaki tena kusikia nani: musingojee matanga. Kuyeni hapa kwangu. Mushike lime, moja apige, mwingine amuambie kweli risasi imeingia wapi. Kuyeni leo... nikiwa bado nasikia.