Vidonge vya Kopo Moja: Historia ya Joshua Bartolomayo Chiloleti

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, naitwa Sila, mjomba wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia, na mniwie radhi nikisoma polepole, kwa kuwa kwa umri wetu yeye ndiye aliyepaswa kunizika mimi.

Joshua alizaliwa hapa Msalato tarehe 14 Agosti 1986, mtoto wa kwanza wa marehemu Bartolomayo Chiloleti na dada yangu Loisi, akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Nathanaeli. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1995 hadi 2001, akajifunza uashi kwa baba yake, na mwaka 2008 akapata kazi kwenye ujenzi wa chuo kikuu kule Chimwaga. Tarehe 3 Desemba 2011 alifunga ndoa na Jenifa, binti wa Busi, Kondoa, wakajaliwa watoto wawili, Edina na Brighton.

Gongo aliianza na mafundi wenzake, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imemshinda, yeye na mdogo wake pia, hata Jenifa akachukua watoto akarudi kwao. Hilo silipambi, wengi wenu mmewaokota barabarani.

Mwezi Machi 2024 walikuja watafiti wa kidonge cha kupunguza hamu ya pombe, na ndugu hawa wawili wakakubali kushiriki. Dokta Tumsifu alitueleza kwamba kompyuta ndiyo itakayopanga nani apewe dawa na nani apewe kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, na kwamba wala mgonjwa wala daktari hatajua, ili mwisho wa utafiti ijulikane kweli kama dawa inasaidia. Kila mwezi kila mmoja alirudi na chupa yake mpya yenye jina lake, na dada yangu akapewa jukumu la kuwasimamia wameze.

Loisi amewalea wanawe kwa kugawa, ugali mmoja, shuka moja, na hakuona haki mmoja apone na mwenzake aachwe, basi kila zilipokuja akamimina chupa zote mbili katika kopo moja, akawa anachota humo na kumpa kila mmoja chake. Joshua akaacha pombe, akarudi kazini, na Krismasi ya mwaka ule Jenifa na watoto walikuwa hapa. Nathanaeli naye alipunguza.

Februari 2025 nesi Lydia wa utafiti ule alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza kuhesabu vidonge, akaliona kopo, na kwa taratibu zao ndugu wote wawili wakasimamishwa vidonge siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna aliyejua nani amemeza nini. Walibakiziwa ushauri nasaha, lakini Joshua alituambia kwamba maneno hayaushiki mkono wake unapotetemeka, na kabla ya Pasaka alikuwa amerudi kwenye gongo. Ini likaharibika, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 9 Februari 2026 akafariki hospitalini mjini Dodoma.

Utafiti ulifungwa mwezi uliopita, na Dokta Tumsifu, ambaye tuko naye hapa, alikuja juzi kutupa pole akasema sasa anaruhusiwa kutueleza ni chupa ya nani iliyokuwa na dawa. Dada yangu alikataa. Alisema, "Ukiniambia ni ya Joshua, basi nilimnyang'anya. Ukiniambia ni ya Nathanaeli, sitaweza tena kumtazama. Kaa nayo, mwanangu." Familia imemtii, na daktari amekubali kukaa nayo. Ametuambia tu kwamba dawa ile ilionekana kusaidia, ila kwenye zahanati zetu bado haipo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, nesi Lydia aliyekuja kumwosha alipokuwa hawezi kusimama, mafundi wenzake waliochimba na kujengea kaburi, na majirani mliolala nje na mvua hii pamoja nasi.

Nathanaeli alitoka hapa jana asubuhi akiwa amelewa na hajarudi, kwa hiyo anayejua aliko atuambie sasa, kabla jeneza halijainuliwa, mama yake anataka kumwona akiwa hai. Joshua, mpwa wangu, wewe pumzika kwa amani, sisi bado tunamtafuta mdogo wako.