Taya la Mwita Majina

Kijiwe chetu kilikuwa gogo la mninga mbele ya jiko la Bashiri muuza kahawa, pembeni mwa njia ya kambi ya karanga, Nachingwea, mwaka wa arobaini na tisa. Saa hatukuwa nayo wala hatukuihitaji. Reli iliyotundikwa kambini ikigongwa, ni saa kumi na mbili. Unameza kahawa yako, unakimbia kuitwa jina. Alfajiri hiyo Adinani, mwita majina wetu, alifika ameshika shavu. Kwa wiki mbili taya lake lilikuwa likilia ta! ta! kila akitafuna, na leo limekwama, mdomo haupitishi hata kidole. Na riziki yake iko humo humo mdomoni! Asipoita majina leo, Augustino, karani msaidizi, anaichukua kazi mchana kweupe. Nasi, nisifiche, tulimhitaji. Ukichelewa, Adinani alikuwa akirudia jina lako mara tatu, polepole, mpaka utokee unahema, usikatwe ujira wa siku.

— Dresa wa zahanati kasemaje? aliuliza Shaban. Huyu tulimwita Dizeli, kwa kuwa alipaka matrekta grisi na kunuka hivyo hata Ijumaa.

Adinani akajibu meno yakiwa yamefungana:

— Nikande kwa kitambaa cha moto. Ninywe uji. Nisitafune makopa makavu ya muhogo. Nisipige kelele. Nifungue mdomo kidogo kidogo, kila siku.

— Sindano?

— Hakuna.

— Dawa chungu, basi?

— Hakuna.

— Alaa! Mtu mzima na ndevu zake anatibiwa kwa uji! Huyo dresa kakudharau, bwana.

Hapo akaingilia Isihaka Bama. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na koti la kiaskari na majibu ya kila kitu.

— Kule Bama sajini wetu taya lilimfunga hivi hivi. Tukamkanda kwa chumvi ya moto, tukamfunga kitambaa toka kidevuni hadi utosini. Kesho yake anaimba.

— Anaimba nini?

— Nyimbo, we! Unataka nikuimbie?

Bashiri akakaanga chumvi. Isihaka akavua kilemba chake, akaifungia humo, akamzungushia Adinani kichwa na kidevu, akakaza kwa goti. Tangu hapo mgonjwa wetu hakuwa na neno tena, ila "mm" tu.

— Mnahangaika na taya bure, alisema Saturnini. Yeye tulimwita Padri, kwa sababu alipika misheni miaka miwili akatoka na nusu ya mahubiri. — Ugonjwa hauko tayani. Uko mguuni.

— Mguuni!

— Mifupa yote ya binadamu imeshikana. Vuta kidole gumba cha mguu, mdomo utaachia wenyewe. Nimeona mimi, kwa mbuzi.

— Mbuzi ana kidole gumba?

— Usinivunje, Dizeli. Mvue kiatu.

Tukamvua kiatu cha kulia. Padri akavuta. Adinani akaruka.

— Mm! Mm!

— Mnaona? Imeanza kufanya kazi!

— Imeanza kumvunja, alisema Dizeli. Sikilizeni fundi. Taya ni bawaba. Bawaba ikilia ta, ta, unaifanyaje? Unatia grisi.

— Utapitia wapi, na mdomo umefungwa?

— Sikioni.

Kumbe alikuwa nayo mfukoni. Mtu gani anatembea na grisi mfukoni? Akatia.

Sasa Adinani akaanza vituko. Ananyoosha mkono kuelekea kambini, halafu anapiga ngumi juu ya kiganja, pa, pa, pa, macho yamemtoka.

— Anataka nyundo, alisema Dizeli.

— Nyundo nayo ni dawa, alisema Isihaka. Bama tulitumia. Ila unapiga upande usiouma, ili ushtue ule unaouma.

— Mm! MM!

Akainuka kutaka kwenda. Tukamkalisha. Mimi mwenyewe nilimshika bega, nikamwambia:

— Tulia, ndugu yangu. Tunakuhangaikia wewe. Reli haijalia, muda upo.

— Upo tele, alisema Padri. Bashiri, ongeza kahawa.

Jua likatoka. Bashiri akaongeza. Tulikuwa tunabishana nyundo iwe ya mbao au ya chuma alipokuja mama mmoja tusiyemjua, kikapu kichwani.

— Shikamooni, baba zangu. Mimi Mwanawetu, nimetoka Lionja na mihogo ya kuchemsha, leo ndiyo siku yangu ya kwanza. Niliambiwa ningoje hapo kambini, reli ikigongwa watu watatoka wanunue. Nimengoja mpaka mihogo imepoa. Kwani reli hugongwa na nani?

Dizeli akamtazama Padri. Padri akatazama ndani ya kikombe. Kisha macho yetu yote yakamwendea mgonjwa: kilemba hadi utosini, mguu mmoja wazi, grisi inamchuruzika shingoni.

Adinani akakishika kile kilemba kwa mikono miwili, akakichana.

— MIMI!

Ta! Mdomo ukafunguka wote, tukaona mpaka magego.

— Kapona! Chumvi hiyo!

— Chumvi gani? Kidole gumba!

— Grisi, jamani, grisi!

Mwenyewe alikuwa ameshaingia njiani, anakimbia na kiatu kimoja. Hajafika hata nusu, reli ikalia. Iligongwa ovyo ovyo, kwa mkono usioizoea. Kisha tukasikia sauti ya Augustino.

— Shaban Abdalah!

Dizeli huyo. Alisimama na kikombe mkononi.

— Shaban Abdalah!

Roho iliniuma. Kazi ya Adinani imekwenda, na bega lile nililishika mimi.

— Shaban Abdalah, mwisho!

Kule njiani Adinani akasimama, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kwa lile taya lake lililofunguka:

— Yupooo! Yuko njiani, anakuja!

Ndipo tukaanza kukimbia.