Jina Ndani ya Parachuti

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu mkuu wa parachuti za breki anatundika aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Karakanani tunamwita Mzee Taratibu, na kwa kuwa hajawahi kulikataa jina hilo, tutalitumia hapa.

Kwa wageni wa jarida hili: ndege zetu ndogo za jeti, zinazoongozwa kwa rimoti, hutua kwa kasi mno. Parachuti inayochomoka mkiani ndiyo inayozishika shati zisipitilize uwanja. Mzee Taratibu amebuni mitambo kumi na minne ya kuifyatua, yote ikiwa na kifuniko, springi, pini na mota isiyozidi kidole gumba.

Parachuti yake ya kwanza aliishona kwa kitambaa cha mwavuli wa mkewe, bila kumwomba ruhusa. Kesho yake mvua ikanyesha. Tangu hapo mama huyo huiita karakana mke mwenzake, na akipiga simu jioni huuliza kama mwenzake atamruhusu mume arudi kula.

Ana utaratibu mmoja ambao kila aliyeajiriwa hapa ameulalamikia. Anayekunja parachuti huandika jina lake kwenye utepe mweupe na kuuweka katikati ya mikunjo. Parachuti ikifunguka, utepe hudondoka uwanjani, na mkunjaji huenda kuuokota mwenyewe, jua liwe kali namna gani. Wengi tuliona ni mbwembwe tu.

Miaka tisa iliyopita, siku ya majaribio, kifuniko kilifunguka lakini parachuti haikutoka. Ndege ya kilo kumi na tano ilipitiliza uwanja na kumvunja mguu fundi rangi wetu, aliyekuwa amesimama mwisho wa lami akiwa ametupa mgongo. Mzee Taratibu alimpeleka kwanza hospitali. Aliporudi ndipo akaichomoa parachuti kwa koleo, akaukuta utepe. Jina lilikuwa langu. Kwa haraka zangu nilizilaza kamba chini ya kitambaa badala ya juu yake, zikajibana.

Mkurugenzi alitaka niondoke siku hiyohiyo. Nilikuwa na miezi mitano kazini, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hapa ndipo mahali pangu. Mzee Taratibu hakunitetea kwa uongo. Alisema mbele ya wote kwamba nimekosea, ila mtambo ndio ulioniruhusu kukosea, na mtambo ni wake. Kama kuna wa kufukuzwa, foleni ianzie kwake. Kisha akarudi mezani pake kufanya kazi.

Baada ya wiki sita alileta kifuniko kisichokubali kufungika kamba zikiwa chini. Fundi rangi, akiwa bado na mkongojo, ndiye aliyealikwa kukijaribu. Alikunja vibaya kwa makusudi mara ishirini, na mara zote ishirini kifuniko kiligoma. Ndicho tunachotumia hadi leo, na hakuna aliyeumia tena.

Juzi tulirusha ndege yake ya mwisho. Macho yake hayaoni tena tundu la pini, kwa hiyo kazi ya kukunja aliniachia mimi. Nilizikagua kamba mara tatu, sioni haya kusema, kisha nikauweka utepe wenye jina langu. Ndege ikatua, parachuti ikachanua, utepe ukadondoka. Nilipoanza kwenda kuuokota, akanishika bega, akaniambia leo nitulie. Alikwenda mwenyewe, polepole, hadi karibu na mwisho wa lami pale alipoangukia fundi rangi. Akausogeza utepe karibu na macho, akausoma, akautia mfuko wa shati.

Mzee wetu, asante kwa mitambo, na asante zaidi kwa siku ile. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa mchana na amani nyumbani. Mnunulie mama mwavuli. Na utepe huo usiurudishe, baki nao.